Skrini ya Gari la Umeme Lililotumika: Hesabu Inayosahaulika kwa Wanunuzi wa Njombe na Makambako

Na Mwandishi Wetu

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) inapotangaza bei kikomo za mafuta, wamiliki wa magari katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini hulazimika kupiga hesabu upya. Lita ya petroli inayouzwa Makambako au Njombe mjini imesafiri zaidi ya kilomita 600 kutoka bandari ya Dar es Salaam, na gharama ya safari hiyo imo ndani ya bei anayolipa mwananchi. Haishangazi, basi, kwamba mazungumzo kuhusu magari ya umeme yaliyotumika, hususan yale madogo yanayotoka Japan, yanazidi kusikika hata katika miji iliyo mbali na pwani.

Mazungumzo hayo huanzia kwenye betri na kuishia kwenye betri. Mnunuzi huuliza betri imebakiwa na nguvu kiasi gani, inachukua muda gani kujaa na itamfikisha wapi. Maswali hayo ni ya msingi. Hata hivyo, ipo sehemu nyingine ya gari inayozeeka haraka kuliko bodi, viti na wakati mwingine kuliko betri yenyewe, nayo haiulizwi kabisa: kompyuta ya dashibodi, yaani ile skrini yenye redio, ramani, kamera ya nyuma na mipangilio ya kuchaji. Makala haya yanachambua kwa nini sehemu hiyo ina uzito kwa mnunuzi wa Njombe na Makambako, lini inafaa kubadilishwa, na sheria za nchi zinamlinda kwa kiasi gani.

Umeme upo, hesabu ipo

Makambako ni njia panda ya kiuchumi. Hapo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hukutana na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Mji huo pia ni chanzo cha njia ya kusafirisha umeme wa kilovolti 220 kwenda Songea kupitia Madaba, yenye urefu wa takriban kilomita 250, iliyokamilika mwaka 2018. Kukamilika kwa mitambo yote 9 ya Bwawa la Julius Nyerere mwaka 2025, yenye uwezo wa megawati 2,115, kumeongeza uwezo wa Gridi ya Taifa kuhudumia matumizi mapya, usafiri ukiwa mmojawapo.

Kwa upande wa gharama, hesabu ni nyepesi. Mteja wa kundi la matumizi ya kawaida la T1 hutozwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, tozo ya nishati vijijini ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, uniti moja hufika takriban shilingi 356. Umbali kati ya Makambako na Njombe ni kilomita zipatazo 60. Gari dogo la umeme linalotumia uniti 17 kwa kilomita 100 litahitaji uniti 10 hivi kwa safari hiyo, sawa na shilingi 3,560. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita litahitaji lita 5, na msomaji anaweza kuzizidisha mwenyewe kwa bei kikomo ya mwezi huu ili aone tofauti.

Lakini hesabu hiyo ina masharti. Nissan Leaf, gari la umeme lililoanza kuuzwa Japan mwishoni mwa mwaka 2010, lilitoka kiwandani na betri ya uniti 24. Likiwa limetumika miaka kumi na zaidi, betri iliyobakiwa na asilimia 65 ya uwezo wake huhifadhi uniti 15 au 16 tu. Gari hilo litafika Njombe kutoka Makambako, lakini halitarudi bila kuchajiwa. Katika hali hiyo kila uniti ina thamani, na hapa ndipo kompyuta ya dashibodi inapoingia.

Kompyuta zaidi ya moja ndani ya gari moja

Gari la umeme lina kompyuta nyingi, na mnunuzi anapaswa kuzitofautisha. Ipo kompyuta inayosimamia betri kubwa na ile inayoongoza mota. Hizi ndizo zinazoliendesha gari. Upo pia ubao wa vipimo ulio nyuma ya usukani, unaoonesha mwendo na kiasi cha chaji. Katika Leaf, ubao huo ndio wenye vipande 12 vinavyoonesha uwezo uliobaki wa betri. Kompyuta ya burudani na taarifa, ile yenye skrini katikati ya dashibodi, ni kitu kingine tofauti.

Tofauti hiyo ina faida kwa mnunuzi. Kwanza, skrini iliyozimika haimaanishi kwamba gari limekufa. Mara nyingi gari litawaka na kutembea kama kawaida. Pili, skrini mpya inayong'aa haimaanishi kwamba gari ni zima. Muuzaji anaweza kufunga skrini kubwa ya kisasa kwenye gari ambalo betri yake imechoka, na macho ya mnunuzi yakaishia kwenye kioo. Kizuri chajiuza, lakini katika gari la umeme kilicho kizuri machoni si lazima ndicho kinacholisukuma gari. Ukaguzi uanze kwenye vipande 12 vya ubao wa vipimo, na uthibitishwe kwa kifaa cha uchunguzi kinachosoma hali ya betri.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japan yana matatizo yanayofahamika vyema kwa mafundi wa Tanzania, yawe ya petroli au ya umeme. Menyu zake ni za Kijapani. Ramani zake ni za Japan. Redio zake za zamani hupokea masafa ya FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, wakati vituo vya hapa nchini hurusha kati ya megahezi 87.5 na 108. Hivyo mwenye gari husikia vituo vichache tu vya mwanzo wa masafa yetu. Baadhi ya skrini hujifunga pindi betri inapochomolewa, zikadai kadi ya ramani iliyobaki Japan au namba ya siri ambayo hakuna mwenye nayo. Kwa gari la petroli, yote hayo ni usumbufu wa redio. Kwa gari la umeme, skrini hiyohiyo mara nyingi ndiyo yenye mipangilio ya muda wa kuchaji na wa kupasha gari joto, na kuipoteza ni kupoteza sehemu ya matumizi ya gari lenyewe.

Baridi ya Njombe na saa ya Japan

Njombe mjini uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni na Julai baridi ya alfajiri huwa kali, na ukungu hufunika barabara. Baridi hupunguza uwezo wa betri kutoa nguvu, na kipasha joto cha ndani ya gari hula chaji ileile inayoliendesha. Dereva wa Dar es Salaam anaweza asikiwashe kipasha joto mwaka mzima. Dereva wa Njombe anakihitaji ili mwili upate joto na kioo cha mbele kitakate mvuke.

Watengenezaji walilijua jambo hilo, wakaweka saa ya kupasha joto. Mwenye gari hupanga kwamba saa 12 asubuhi gari lianze kujipasha likiwa bado limechomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Joto hilo hulipwa na umeme wa nyumbani, na betri huanza safari ikiwa imejaa. Kwa gari lenye uniti 15 tu, kuokoa uniti moja au mbili za mwanzo wa safari kunaweza kuamua kama dereva atafika au ataomba msaada njiani.

Saa ya kuchaji nayo ina kazi yake. Kwa mteja wa T1 bei ya uniti haibadiliki usiku wala mchana, hivyo kuchaji usiku wa manane hakumpunguzii gharama. Kunachopunguza ni mzigo kwenye nyaya za nyumba na za mtaa katika saa za jioni, ambazo majiko, pasi na taa za nyumba nyingi huwaka kwa pamoja. Magari ya umeme yakiongezeka, faida hiyo itakuwa ya mtaa mzima.

Ipo hapa kasoro ndogo inayoweza kumpoteza mtu. Japan imeitangulia Tanzania kwa saa 6. Ikiwa saa ya gari haijarekebishwa, saa 1 asubuhi ya Njombe huonekana kwenye skrini kama saa 1 pia, kwa sababu tofauti ya saa 6 inalingana na namna Waswahili wanavyohesabu saa. Mwenye gari hufurahi akidhani saa iko sahihi, kumbe gari linaamini kuwa ni mchana. Akipanga kuchaji kuanze saa 4 na kuchagua alama ya usiku, chaji itaanza mchana, wakati gari liko kazini. Ni jambo dogo, lakini asiyesoma Kijapani anaweza kulitafuta kwa wiki nzima.

Mafunzo kutoka kwingineko

Tatizo la kompyuta kuzeeka kabla ya gari si la magari ya Japan pekee, wala si la nchi zinazonunua magari yaliyotumika pekee. Mwezi Februari 2021, kampuni ya Tesla nchini Marekani ilikubali kuyarejesha karakana magari takriban 135,000 ya Model S na Model X, baada ya mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo kubaini kuwa memori ya gigabaiti 8 ndani ya skrini ilikuwa ikichakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara kwa mara. Memori ilipokufa, kamera ya nyuma ilizimika na uwezo wa kutakasa kioo ukapotea. Magari hayo yalikuwa na betri nzima na mota nzima. Kilichochoka ni kipande kidogo cha memori. Funzo lake ni kwamba skrini inapobeba kamera na kioo, kuharibika kwake ni suala la usalama, si la burudani.

Funzo la pili linahusu mawasiliano. Magari mengi ya umeme ya miaka ya 2010 yalikuwa na modemu iliyomwezesha mwenye gari kuwasha chaji au kipasha joto kwa simu. Mitandao ya zamani inapozimwa, modemu hizo hubaki bila kazi. Nchini Uingereza, Nissan ilisitisha huduma hiyo kwa magari ya Leaf yaliyotengenezwa hadi mwaka 2016 kuanzia Aprili 2024, kwa sababu yalitegemea mtandao wa kizazi cha pili. Nchini Japan, kampuni ya KDDI ilizima mtandao wake wa kizazi cha tatu mwezi Machi 2022. Mnunuzi wa Makambako anayeambiwa kwamba gari lake "linaendeshwa na programu ya simu" aombe kuoneshwa hapohapo linavyofanya kazi kabla ya kulipia sifa hiyo.

Funzo la tatu ni la usalama wa mifumo. Mwezi Februari 2016 iligundulika kuwa mtu yeyote aliyejua namba ya utambulisho ya gari la Leaf angeweza, kwa njia ya intaneti, kuwasha kipasha joto cha gari la mwingine na kuona kumbukumbu za safari zake. Huduma hiyo ilisitishwa ili irekebishwe. Tangu Julai 2024, magari mapya yote yanayouzwa Umoja wa Ulaya yanatakiwa kukidhi kanuni za kimataifa za usalama wa mifumo ya kompyuta na za kusasisha programu. Magari yaliyotangulia kanuni hizo ndiyo yanayoingia kwenye masoko ya magari yaliyotumika, likiwemo letu.

Njia tatu za mwenye gari

Mwenye gari ambaye skrini yake imezeeka au haisomeki ana njia tatu.

Ya kwanza ni kuiacha ilipo. Simu yenye programu ya kutafsiri kwa kamera inaweza kusoma menyu za Kijapani, mwenye gari akapanga saa ya kuchaji na ya kupasha joto, kisha akaziandika hatua hizo kwenye daftari la gari. Ramani ataitumia ya simu, na kwa redio atafungiwa kifaa cha kuongeza masafa. Njia hii ni ya gharama ndogo na haipotezi kitu chochote cha kiwandani.

Ya pili ni kutafuta skrini ya aina ileile iliyotengenezwa kwa soko la nchi inayotumia Kiingereza na kuendesha kushoto kama yetu, mfano Uingereza. Faida yake ni kwamba mipangilio ya kuchaji hubaki, na lugha inaeleweka. Ugumu wake ni upatikanaji, namba za siri na ulazima wa skrini kulingana na toleo la gari. Ubao wa vipimo nao hubaki na Kijapani chake hadi ubadilishwe lugha na fundi mwenye kifaa cha kuuprogramu.

Ya tatu ni kufunga skrini mpya ya kawaida inayotumia Android. Hii ndiyo inayovutia wengi kwa ukubwa na bei. Ina lugha nyingi, hupokea masafa yote ya FM na huunganishwa na simu. Lakini mara nyingi haina mawasiliano kamili na kompyuta za gari, hivyo saa ya kuchaji na ya kupasha joto huweza kutoweka nayo. Kabla ya skrini ya zamani kutolewa, mteja amtake fundi amjibu maswali manne: Je, kamera ya nyuma itaendelea kufanya kazi? Vitufe vya usukani je? Saa ya kuchaji na ya kupasha joto itapangwa wapi? Na skrini itazimika kabisa gari linapozimwa?

Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Gari la umeme, pamoja na betri yake kubwa, lina betri ndogo ya volti 12 inayoamsha kompyuta zote. Skrini inayoendelea kunyonya umeme usiku kucha huimaliza betri hiyo, na asubuhi gari lenye chaji kamili hukataa kuwaka. Wapo watakaodhani kwamba betri kubwa imekufa, wakaingia gharama kubwa, kumbe kosa ni waya mmoja uliounganishwa mahali pasipostahili. Aidha, fundi redio anaweza kufanya kazi yake salama kwenye umeme wa volti 12, lakini nyaya nene za rangi ya chungwa zimebeba umeme wa mamia ya volti unaoweza kuua. Hizo haziguswi na asiyepata mafunzo.

Sheria inasemaje

Mnunuzi hayuko peke yake. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) linasimamia viwango vya magari yaliyotumika yanayoingia nchini. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inaipa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) jukumu la kuidhinisha vifaa vya mawasiliano, na skrini yenye laini ya simu si redio tu bali ni kifaa cha mawasiliano. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inamkataza muuzaji kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa. Mnunuzi aliyeelezwa sifa ambazo gari halina anayo haki ya kulalamika, ili mradi ana risiti na maelezo ya maandishi.

Eneo linalohitaji umakini zaidi ni taarifa binafsi. Skrini ya gari huhifadhi majina na namba za simu zilizounganishwa, anuani ya nyumbani na safari zilizopita. Mwaka 2020 nchini Marekani, skrini zilizotolewa kwenye magari ya Tesla zilikutwa zikiuzwa mtandaoni zikiwa bado na taarifa za wamiliki wa awali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, pamoja na Tume iliyoundwa kuisimamia, imeweka msingi kwamba taarifa za mtu zisitumike nje ya kusudi lake. Kwa vitendo, msingi huo unaanza na jambo rahisi: anayeuza gari afute taarifa zake, na anayeacha skrini ya zamani kwa fundi ahakikishe imefutwa kwanza.

Skrini iliyotolewa nayo ni taka ya kielektroniki, na Kanuni za mwaka 2021 chini ya Sheria ya Mazingira zinaelekeza taka hizo zikusanywe na wenye vibali. Kuitupa kwenye korongo la mtaa ni kuhamishia gharama kwa majirani.

Kazi iliyobaki

Uchambuzi huu unaonesha pengo linaloweza kuzibwa. Ukaguzi wa magari yaliyotumika umejengwa juu ya breki, taa, matairi na moshi. Gari la umeme halina moshi. Lina uwezo wa betri na hali ya kompyuta. Cheti cha ukaguzi kinachotaja asilimia ya betri iliyobaki, lugha ya mifumo na utendaji wa kamera kingemsaidia mnunuzi kuliko tangazo lolote la biashara. Vilevile, vyuo vya ufundi stadi vya VETA vina nafasi ya kuwapa mafundi umeme wa magari mafunzo mafupi ya mifumo hii kabla magari hayajajaa barabarani, ili kijana wa Makambako mwenye ujuzi wa redio apate ujuzi wa pili bila kuhatarisha maisha yake.

Kwa mwananchi, ushauri ni kutanguliza ukaguzi kabla ya malipo. Asome vipande 12, awashe skrini na kuijaribu kamera, apange saa ya kupasha joto mbele ya muuzaji na kuona ikiitika, kisha alitoe gari nje ya mji, kwenye mwinuko, na kuangalia chaji inavyoshuka. Skrini inayofanya kazi isibadilishwe kwa sababu ya mvuto wa mpya. Iliyokufa ibadilishwe kwa kuzingatia kile gari litakachopoteza. Bei ya umeme inatoa nafuu ya kweli kwa msafiri wa Njombe na Makambako, na nafuu hiyo itabaki mfukoni mwake endapo ataijua hali ya gari zima kabla ya kutoa fedha.